Dini ya Mzee Zabron

Isansa, Mbozi
4 Agosti 2024

Ndugu Atuganile,

Nakusalimu kwa salamu za ujenzi wa taifa. Najua utacheka, cheka tu.

Barua yako Lucky kaniletea mpaka mlangoni. Alisimamisha gari lake na abiria wote ndani, akashuka, akanipa mkononi, akapiga saluti. Umeandika herufi kubwa kama za mbao za matangazo, nimesoma bila miwani. Endelea hivyohivyo. Ile simu aliyoninunulia kaka yako nimeifungia kabatini. Ilikuwa inatetemeka mezani kama panzi ndani ya kopo, naikodolea macho, simsikii mtu. Masikio yamestaafu, mama. Mwenye neno na mimi aandike, kama zamani tulivyoandikiana na ofisi ya wilaya.

Kahawa iko kwenye vichanja. Kifua kinanibana kidogo, ni vumbi la kiangazi. Jumamosi nilichukua jembe nikaenda kupalilia kwa mama yako. Makaburi ya kanisa yamezungushiwa ukuta sasa, lakini wazee wa kanisa huwa wananifungulia. Upande wake wa kushoto bado uko wazi. Nilikaa pale mpaka jua likaniunguza, ndipo nikarudi.

Sasa shika hili, maana kaka yako Osea nikimwambia ananiandikia mistari ya Biblia. Siku nikifa nizikwe kama nilivyoishi. Bendera yangu ya Chama, hiyo uliyoichukua kuitia pindo, ifunike jeneza. Ahadi za mwanachama zisomwe zote, taratibu. Asitokee mtu wa kuniombea kwa Mungu ambaye mimi naye hatujawahi kuzungumza.

Kaka yako anawaambia watu kwamba mimi ni mtu asiye na dini. Inaniuma kuliko kifua. Mimi sina dini? Ahadi za ujamaa nilizikariri kabla sijajua kusoma vizuri. Ibada yangu ilikuwa mkutano wa nyumba kumi, sikuukosa hata siku mama yako alipokuwa anakuzaa wewe, na hilo hakunisamehe. Sadaka yangu ilikuwa mikono hii, kwenye shamba la kijiji na kwenye mfereji. Dhambi tulikuwa nayo, iliitwa unyonyaji, na tuliiogopa kweli. Na peponi tulikuwa napo pia. Palikuwa hapahapa Isansa, pana maji ya bomba na zahanati, na hakuna anayekula jasho la mwenzake. Kwamba hatukufika ni jambo lingine. Hata Osea kwake hajafika.

Tawi nimewaandikia kuwaarifu hali yangu. Watakuja. Lakini ninayekutegemea ni wewe. Osea ni mtoto mwema, ila nikifumba macho tu atanifanya maiti ya kanisa.

Baba yako,
Zabron, mwanachama


Tunduma
10 Agosti 2024

Ndugu Baba,

Shikamoo kwanza, undugu baadaye.

Nimecheka peke yangu kibandani mpaka Jenista, huyu jirani yangu wa vitenge, akaanza kuwaambia watu kwamba nimerukwa na akili. Mzambia mmoja alikuwa amesimama na kiroba cha sukari ananiuliza bei, "Mayo, shinga?" Nami nafuta machozi kwa kukumbuka panzi wako wa kwenye kopo, nimeisahau.

Baba, nimesoma na sehemu ile nyingine. Bendera iko kwa fundi, inapata pindo jipya na uzi imara. Mimi unanijua, kanisani naenda kwenye harusi tu, na mikutano ya Chama naipita kando. Lakini kila nikijizuia kumpunja mtu hapa mpakani, sauti ninayoisikia ni yako. Unatukaririsha ahadi jikoni, mama anasonga ugali na kuimba nyimbo za kwaya kwa nguvu zote ili akuzidi, na wewe unapandisha sauti. Osea alikuwa anaimba na mama. Mimi nilikuwa upande wako.

Kwa hiyo nakuahidi, tena kwa herufi kubwa. BENDERA ITAKUWEPO. AHADI NITAZISOMA MWENYEWE. Na nikimsikia mtu yeyote, awe mchungaji, awe kaka, anasema mbele ya jeneza lako kwamba hukuwa na dini, SITANYAMAZA.

Sasa kwa kuwa nimeshakuahidi, usife. Hicho kifua kipeleke zahanati. Vumbi la kiangazi nalijua mimi, halimkabi mtu mpaka aandike barua ya mazishi.

Mwanao na ndugu yako,
Atuganile


Isansa
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Atuganile,

Bwana Yesu asifiwe.

Nimeamua kuandika kwa sababu tangu Pasaka, tulipokorofishana kwa ajili ya baba, ukiona namba yangu hupokei. Ukipokea unakata. Karatasi hutaweza kuikata.

Kifua cha baba si vumbi. Nilimpeleka Vwawa mwezi uliopita. Daktari alinionyesha picha, pafu moja limekwisha na la pili limeanza. Baba alimwomba amwandikie, akasoma, akakunja karatasi akatia mfukoni, akaniambia tukanunue mbolea. Alinikataza nisikwambie. Nakwambia.

Nimejua amekuomba umzike kwa bendera. Nami nina ahadi yangu, na ni ya zamani kuliko yako. Mama alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema, "Zabron wangu msimlaze mbali." Nilisema ndiyo, mama. Wewe ulikuwa Tunduma.

Sikiliza desturi ya kanisa letu, maana ukiwa huko mjini unaweza kuwa umesahau. Makaburi yale ni ya washirika. Lakini mume au mke wa mshirika, akifa hana dini yoyote, wazee humhurumia, akalazwa kando ya mwenzake kwa sala fupi. Wanamhesabu kama mtu aliyekuwa bado njiani. Aliyekuwa na dini yake, huyo hawamgusi. Unamkumbuka marehemu Makene, mume wa mama Kabula? Alikuwa Mwislamu. Mama Kabula aligaagaa chini akitaka mumewe alazwe ndani ya ukuta ili naye aje alale hapo. Wazee walikataa, tena kwa heshima. Walisema mtu mwenye dini ana watu wake wa kumzika, tusiwaibie. Na kweli walikuja wenzake toka bondeni Momba, wakamswalia, wakamzika vizuri.

Basi ninaposema baba hana dini simtukani. Huo ndio mlango pekee uliobaki wa kumfikisha kwa mama. Tena mimi naona ndiyo kweli. Dini ina Mungu. Siasa ni siasa hata ukiikariri ukiwa umepiga magoti. Ukikosa, nani katika Chama anakusamehe? Ukilala kitandani, nani anakuja? Tawi amewaandikia, akawaandikia tena, hajatokea hata mtu wa kumjulia hali. Walio pale sasa ni vijana, wana uchaguzi wa serikali za mitaa, hawamjui. Hata ule mfereji anaoutaja umejaa majani.

Nakuomba usimtie moto. Mwache afike salama.

Kaka yako,
Osea


Tunduma
24 Agosti 2024

Kaka Osea,

Karatasi siwezi kuikata, lakini mkaa ningeweza kuuwashia. Nimejizuia.

Mwezi mzima mnajua na mimi nauza sukari. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo, nikiandika nitakutukana.

Unasema dini ina Mungu. Sawa, wewe ndiye mtu wa kanisa. Ila niambie, mtu anayejinyima maisha yake yote kwa ajili ya kitu asichokiona, anakikariri, anakiogopa, anawafundisha wanawe, anakataa kukikana hata watu wakimcheka sokoni, mtu huyo tumwite nani? Baba alikataa kuchukua shamba la pili wakati wenzake wote wanachukua. Alisema la pili ni la mtu mwingine ambaye bado hajafika. Mama alilia, mimi na wewe tulivaa viraka, na shamba lile mpaka leo lina watu. Kama yule hana dini, sijui hapo kwenu Isansa mwenye nayo ni nani.

Umeuliza nani anasamehe. Kwake hayupo. Labda ndiyo sababu baba ni mkali hivyo kwa nafsi yake.

Na mama nilimsikia pia, kaka, nilikuwa naye wiki moja kabla, usinifanye mgeni. Alisema asilazwe mbali. Hakusema mumvue kwanza alichovaa maisha yake yote. Mkimlaza pale kwa kusema hakuwa na kitu, mtakuwa mmemlaza mtu mwingine mwenye sura yake.

Nimemwahidi. Wewe ndiye unayesema ahadi ni ahadi.

Atuganile


Isansa
3 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Sitabishana. Baba hali chakula kigumu tena. Tumemwegemeza kwa magunia ili aweze kupumua, na ametaka kitanda kisogezwe dirishani aione barabara. Anawangoja watu wa tawi. Gari likipunguza mwendo ananyanyua shingo, likipita analaza kichwa. Mimi nageuka nisione.

Nimekwenda kwa wazee. Mzee Alinanuswe, mwenyekiti wao, amesema hawatakubali neno langu wala lako. Watakuja wamuulize baba mwenyewe. Kwa kuwa hasikii, wataliandika swali, naye atajibu kwa kinywa chake, na jibu lake ndilo litakalomzika. Nadhani hiyo ni haki. Sitamwambia aseme nini, Mungu ni shahidi yangu. Nawe tafadhali usimwambie.

Mimi kaka yako,
Osea


Tunduma
7 Septemba 2024

BABA,

SHIKAMOO. NIMEJUA YOTE, USIJIFICHE TENA. SINA HASIRA, AU NINAYO LAKINI ITASUBIRI.

WAZEE WA KANISA WATAKUJA KUKUULIZA KAMA UNA DINI. UKISEMA HUNA, WATAKULAZA KWA MAMA. UKISEMA UNAYO, HAWATAKULAZA. OSEA AMEOMBA NISIKWAMBIE LOLOTE. MIMI NAKWAMBIA MOJA TU: USIJIKANE. BENDERA NINAYO, IMEPENDEZA. UTAZIKWA KAMA ULIVYO, HATA NIKIBAKI PEKE YANGU.

KESHO NAVUKA KWENDA KASAMA KUFUATA MZIGO WA MAHARAGE, NIMESHAULIPIA, SIWEZI KUACHA. NIKIRUDI NAJA MOJA KWA MOJA NIKAE NA WEWE. NINGOJE.

ATUGANILE WAKO


Isansa
14 Septemba 2024

Mwanangu Atuganile,

Naandika nimeegemea magunia, vumilia maandishi.

Wazee walikuja jana. Walivua kofia mlangoni, wakanipa pole, wakakaa kwenye benchi la mama yako. Alinanuswe alikuwa amebeba ubao mdogo wa watoto wa shule ya Jumapili. Akaandika kwa chaki, MZEE ZABRON UNA DINI. Akaugeuza nikausoma. Wote wakanitazama mdomo.

Barua yako ilikuwa chini ya mto. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza yote niliyokuandikia wewe, habari ya mkutano na mfereji na pepo yetu. Nilitaka hata nisimame, maana jambo lile halisemwi mtu akiwa amelala.

Halafu nikatazama dirishani. Ile barabara nimeitazama siku nyingi, mwanangu. Sitawalaumu. Walionijua wamekufa, na vijana hawawezi kumjua mtu wasiyemwona. Lakini nilijiuliza, kama dini yangu ni watu, na watu hawapo, mimi nitalala na nani? Mama yako hakuiamini pepo yangu hata siku moja. Aliicheka. Ila siku zote za kuchimba mfereji aliniletea uji, akakaa kwenye udongo akaningoja nimalize, akarudi na kibuyu. Nikaukumbuka upande ule wa kushoto.

Nikasema, Sina.

Nadhani nilipiga kelele, maana siku hizi sijisikii. Osea alianguka kwenye miguu yangu akilia. Alinanuswe alifuta ubao upesi, akafunga vitu vyake.

Sikuwahi kusema uongo mbele ya kikao chochote. Huu ni wa kwanza, na nimeusema nikijua. Ninayo, mwanangu. Ninayo mpaka sasa, nikifumba macho ahadi zinajisoma zenyewe. Lakini nataka kulala karibu na Ketrina. Nilikuwa sijui kwamba nataka hivyo mpaka waliponiuliza.

Kwa hiyo ahadi uliyonipa nakurudishia. Bendera usilete. Ahadi zisisomwe. Wakisema mbele ya jeneza kwamba sikuwa na dini, wewe inama, unyamaze, waseme. Itakuuma kama ilivyoniuma mimi, lakini itapita. Na Osea usimwambie kwamba nilidanganya. Amefurahi sana, uso wake umekuwa kama alivyokuwa mdogo.

Lucky atapita Jumatatu, nitampa barua hii akaiache kwa Jenista kama kawaida. Ukirudi toka Kasama uikute. Kama utanikuta na mimi, vizuri zaidi.

Baba yako,
Zabron


Isansa
25 Septemba 2024

Atuganile,

Nilianza barua hii kwa kusema siandiki kukulaumu. Nimeichana. Naandika kukulaumu.

Hujapokea simu tangu ulipoondoka Jumamosi ile na viatu mkononi. Basi nitakuandikia ulichokifanya, maana sidhani ulikiona.

Baba alifariki Alhamisi mchana, akiwa anatazama barabara. Nilikupigia ukiwa Kasama, ukapokea, ukakata kabla sijamaliza. Siku ya mazishi tulikungoja mpaka wazee wakasema jua linatuacha. Jeneza limekwisha kufika makaburini ndipo uliposhuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na ule mfuko begani. Nilikukimbilia getini. Nilikwambia, "Dada, baba mwenyewe aliwajibu wazee. Kwa kinywa chake alisema hana. Tulia, tumzike." Ukaniambia, "Baba hawezi kusema hivyo. Mwongo wewe." Mama Kabula alisikia, na kwaya yote ilisikia.

Mzee Alinanuswe akasoma wasifu. Aliposema, "Marehemu hakuwa na dini yoyote, lakini alikuwa mume mwaminifu wa mshirika wetu Ketrina," kuna mtu nyuma alicheka kidogo. Sijui ni nani. Nadhani bila kicheko kile ungeweza kuvumilia, sijui.

Uliwapita wanawake, ukatandaza bendera juu ya jeneza, ukaisawazisha pembe zote. Ukasema, "Baba yangu alikuwa na dini kuliko ninyi wote mliosimama hapa." Halafu ukazisoma ahadi bila karatasi, taratibu, kama alivyotaka. Sauti yako haikutetemeka. Wazee wawili watatu wa enzi zake walikuwa wanazifuata kwa midomo, mmoja alikuwa analia. Ukaeleza habari ya shamba la pili. Ukaeleza habari ya mkutano aliokwenda siku ya kuzaliwa kwako. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilijivuna kwa ajili yenu wote wawili.

Ulishinda, dada. Hakuna aliyebaki pale anayeamini kwamba baba hakuwa na dini.

Ndipo Alinanuswe akavua kofia akakuuliza, polepole kabisa, "Binti, unashuhudia mbele ya kaburi kwamba baba yako alikuwa na dini yake?" Alikuwa anakupa nafasi. Nilikutazama kukuomba. Ukasema, "Ndiyo, mpaka pumzi ya mwisho."

Wakasogea ukutani na Mchungaji wakazungumza. Waliporudi hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua. Mchungaji alisema, "Hatuwezi kumwibia mtu dini yake. Mtuwie radhi. Mpelekeni kwa watu wake." Ni maneno yaleyale ya Makene. Lakini Makene alikuwa na watu. Sisi tulisimama na jeneza getini tukiangaliana. Tawi hakuna aliyekuja.

Tulimbeba mpaka kwenye kahawa, nyuma ya vichanja. Vijana wakaanza kuchimba upya, udongo mkavu, sululu inarudi. Watu walipungua. Tulipomshusha hapakuwa na wa kuongoza. Wewe ulishika bendera, mimi nilishika Biblia mfukoni sikuitoa, na hakuna aliyejua kama tuimbe. Tukafukia.

Kisha jambo ambalo wewe hukulisubiri. Unajua kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, linaweza kuita mtu. Wazee walikata mgomba nyuma ya nyumba ya Mchungaji, wakauviringishia mkeka, wakaulaza kando ya mama, wakafukia. Mimi nilishika upande mmoja wa mkeka. Mama yetu amelala na mgomba.

Nakuuliza jambo moja, kisha sitauliza tena. Baada ya wazee kuondoka siku ile, nilimwona baba akiandika. Nilidhani anaandikia tawi. Je, alikuandikia wewe?

Osea


Tunduma
30 Septemba 2024

Kaka,

Soma kwanza hiyo niliyoikunja ndani, ya baba. Hii yangu soma baadaye.

Nilipovuka toka Nakonde sikupita kibandani. Nilikwenda moja kwa moja stendi, bendera ninayo kwenye mfuko tangu safari ya kwenda, nilikuwa natembea nayo. Barua ilikuwa kwa Jenista, kwenye droo, chini ya mkasi wa vitenge. Niliporudi toka kwenu alinipa pole, akasema, "Kuna barua ya mzee." Nilifurahi. Hebu fikiri. Niliona mwandiko wake nikafurahi, nikanunua soda nikakaa niisome vizuri.

Nilikuita mwongo mbele ya watu na ulikuwa unasema kweli. Baba alikataza nisikwambie kwamba lile jibu lake halikuwa la moyoni. Nimemwasi na hapo pia, lakini siwezi kubaki nalo peke yangu. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi nitaelewa.

Nakuomba kitu. Peleka barua hii kwa Mchungaji na kwa Alinanuswe. Wasome mahali alipoandika anataka kulala karibu na Ketrina. Alitaka mwenyewe, kaka, si wewe uliyemtakia. Waseme tu ndiyo, nitakuja nimtoe kwenye ile kahawa kwa mikono yangu, nitautoa na huo mgomba. Sitasema neno hata moja. Nitainama kama alivyoniagiza. Nimejua sasa jinsi ya kunyamaza.

Atuganile


Isansa
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikuletee jibu zuri. Sinalo.

Nilipeleka barua. Mchungaji aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniwekea kidole pale baba alipoandika, "Ninayo mpaka sasa." Akasema, "Osea, mwanzo tulikuwa na ushahidi wa dada yako tu. Sasa tuna wa marehemu mwenyewe." Alinirudishia barua kwa mikono miwili.

Nilitoka, Alinanuswe akanifuata njiani. Aliniambia jambo ambalo nimelifikiri nikuandikie au nisikuandikie. Alisema siku ile kitandani walijua. Wote walijua kwamba mzee anasema uongo, uso wake ulionyesha. Ndiyo maana alifuta ubao upesi, baba asije akabadili. Walikwisha kukubaliana wamlaze kwa mama na wasiulize tena, ilimradi asitokee mtu wa kulisema wazi mbele ya kaburi. Likishasemwa wazi, kanisa haliwezi kujifanya halikusikia.

Mimi nilikuwa nasema ile si dini. Nilikosea. Nimeona mtu anavyokuwa akiikana. Baada ya siku ile hakula tena, nami nikadhani ni amani.

Kama nimekusamehe sijui. Naomba kila siku niweze, siku nyingine naweza mpaka saa nne asubuhi. Lakini nikipiga simu, pokea.

Fundi amemaliza kusakafia kaburi. Jana aliniuliza juu yake achore nini, msalaba au alama ya Chama. Nilikaa kwenye ndoo ya saruji nikafikiri. Msalaba hakuupokea. Alama ya Chama, aliikana mwenyewe kwa kinywa chake, kwa ajili ya mama. Nikamwambia aandike, ZABRON, MUME WA KETRINA, basi.

Akaandika. Alipomaliza akafuta mikono, akatazama huku na huku kwenye kahawa, akaniuliza huyo Ketrina mwenyewe yuko wapi. Nilimnyooshea kidole upande wa kanisa. Kutoka pale alipolala baba huoni kaburi hata moja, ni ukuta tu.

Kaka yako,
Osea